UZI: Tunashirikishwa kwenye sera za kazi vyuoni, au tunajulishwa tu mambo yakiwa yamekwisha?

#1 Mhadhiri Chaki (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba tujadili jambo ambalo kila mtumishi wa chuo kikuu amewahi kulikuta kwenye barua pepe yake, awe mwanataaluma, mwendeshaji, fundi wa maabara au mhudumu wa ofisi. Wiki iliyopita, Alhamisi saa tisa na nusu alasiri, tuliletewa sera mpya ya mgawanyo wa mzigo wa kazi. Barua iliyoisindikiza ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba uongozi unathamini sana mchango wa watumishi, na kwamba mwenye maoni ayawasilishe kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi. Nilipofungua kiambatisho nikakuta kurasa 46, na kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya nembo, tayari palikuwa na namba ya toleo, tarehe ya kuanza kutumika na saini. Nikajiuliza maoni yangu yangeingilia mlango upi.

Nisingependa uzi huu uwe wa manung'uniko, kwa hiyo nianze na maneno yenyewe. Tuna mazoea ya kutumia kujulishwa, kushauriana na kujadiliana kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kila neno linambebesha mwajiri wajibu wake. Anayejulisha anatoa habari, na kazi yake imekwisha habari inapofika na kueleweka. Katika kushauriana, mwenye mamlaka ya kuamua anabaki nayo, ila anapaswa kusikiliza kabla hajaamua na kuwa tayari kubadilishwa mawazo. Kujadiliana ni hatua nyingine kabisa, kwani pande mbili zinatafuta mwafaka, na mwafaka usipopatikana hakuna mkataba. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 kuhusu kuwapa wafanyakazi habari na kushauriana nao lilizitenganisha hatua mbili za kwanza kwa makusudi: habari ni kumpa mwakilishi takwimu na maelezo yanayomwezesha kulielewa jambo na kulichunguza, na mashauriano ni kubadilishana mawazo na kujenga mazungumzo. Waraka wetu wa Alhamisi ulikuwa taarifa iliyovishwa joho la mashauriano.

Kipimo ninachokipenda zaidi kinatoka mahakamani. Mwaka 1985 nchini Uingereza, katika shauri la Gunning dhidi ya halmashauri ya Brent jijini London, lililohusu mpango wa kufunga na kuunganisha shule, wakili Stephen Sedley alieleza masharti manne ambayo mahakama iliyakubali, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikayaunga mkono katika shauri la Moseley dhidi ya Haringey. Mashauriano yafanyike wakati pendekezo bado linaumbika. Anayeshauriwa apewe sababu za kutosha ili aweze kulipima pendekezo kwa akili. Apewe muda wa kutosha wa kulitafakari na kujibu. Na alichokisema kizingatiwe kwa dhati kabla uamuzi haujafikiwa. Mashauri hayo hayakuhusu watumishi wa vyuo, lakini sijaona kipimo kingine kinachomkaa vizuri kama hicho mtu anayeandika sera ya mahali pa kazi.

Ukiuweka waraka wetu kwenye mizani hiyo, sharti la kwanza limevunjwa na ile saini, na la tatu limevunjwa na Jumatatu saa nne. Kwa maoni yangu, hata hivyo, sharti la nne ndilo linalokufa kimyakimya kuliko yote, kwa sababu hakuna anayeliona likifa. Maoni yanapokelewa, yanashukuriwa, na hayasikiki tena. Mtu aliyekesha akiandika kurasa tatu za hoja mwaka jana, asipopata hata mstari mmoja wa kumwambia hoja yake ilikubaliwa au ilikataliwa kwa sababu gani, mwaka huu hataandika, na mwakani ofisi itasema watumishi hawana mwamko.

Ninawauliza wenzangu: kwenu rasimu zinafika lini, zinamfikia nani, na je, mmewahi kupewa majibu ya yale mliyoyasema?

#2 Mkutubi Zamu ya Jioni

Ndugu Mhadhiri, kwetu maktaba habari za kubadilishwa kwa saa za kufungua tulizipata kutoka kwa wanafunzi. Walikuja kaunta wakiwa na tangazo kwenye simu, wakituuliza kama ni kweli kuanzia wiki inayofuata tutafunga saa sita usiku. Mimi ndiye niliyekuwa zamu, na nikawajibu kwamba si kweli. Ilikuwa kweli. Kaimu mkuu wa kitengo aliomba radhi kesho yake, na radhi hiyo niliipokea, lakini mpaka leo wanafunzi wakiniuliza jambo huwa naona wanalithibitisha kwingine.

#3 Dawati la Utumishi

Ndugu Mhadhiri Chaki, nimekuwa afisa utumishi chuoni kwa miaka 14, kwa hiyo naomba unisikilize kabla hujaniokotea jiwe.

Miaka kadhaa iliyopita nilisambaza rasimu ya sera ya likizo ya masomo kwenye idara zote, na nikatoa wiki tano. Nilipata majibu sita. Mawili yaliuliza kuhusu malimbikizo ya mishahara, ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na rasimu. Moja lilisema "Asante, imepokelewa". Na matatu yaliyobaki yalikuwa ya maana sana, nami niliyatumia. Sera ilipopitishwa, ndani ya wiki moja ofisi yangu ilijaa watu wakiuliza nani aliwashirikisha. Nilipofuatilia nikagundua kwamba katika idara kadhaa rasimu ilikuwa imelala kwenye trei ya mkuu wa idara, pamoja na barua yangu iliyoandikwa kwa mkono pembeni "watumishi wote wajulishwe". Kwa hiyo msifikiri kwamba ukimya wa watumishi hutokana na dharau ya makao makuu peke yake. Njia yenyewe ina mashimo katikati.

Jambo la pili ni kalenda. Baraza la Chuo, chombo cha juu cha uamuzi, hukutana mara chache kwa mwaka. Kabla ya hapo kuna kamati yake, kabla ya kamati kuna menejimenti, na sekretarieti inataka makabrasha wiki kadhaa kabla ya kila kikao. Sisi huanza kuhesabu kutoka tarehe ya Baraza kurudi nyuma, na muda unapobana, mashauriano ndiyo yanayokatwa, kwa kuwa ndiyo hatua pekee isiyo na mwenyekiti wa kuilalamikia. Nakiri kwamba hilo ni kosa letu. Lakini ni kosa la ratiba, si njama.

La tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Si kila kitu ndani ya sera kiko wazi kwa maoni. Kuna vifungu vinavyotokana na sheria ya nchi, na hata watumishi wote wakivikataa hatuwezi kuvigusa. Kuna vinavyotegemea bajeti ambayo imeshafungwa. Na kuna vichache ambavyo kweli tunaweza kuvigeuza. Tunapotuma kurasa 46 bila kusema kipi ni kipi, mtumishi anatumia jioni yake kupinga kifungu ambacho hakikuwahi kuwa mezani, na kile kilichokuwa mezani anakipita. Siku hizi barua yangu ya kusindikiza rasimu hutaja mambo yaliyofungwa na sababu zake, kisha maswali manne au matano ambayo jibu lake sijui. Tangu nianze hivyo, majibu si mengi zaidi, ila yanajibu.

#4 Fundi Maabara

Nashukuru Dawati la Utumishi kwa uungwana wa kukiri. Niruhusuni nieleze kisa kimoja, kwa kuwa mimi siyajui sana mambo ya mahakama, nayajua mafriza.

Chuo nilichokuwa nikifanya kazi kilitoa sera ya usalama wa maabara. Kifungu kimoja kilisema hakuna mtu atakayebaki peke yake ndani ya maabara baada ya saa 12 jioni. Nia ilikuwa njema, na mtu yeyote aliyewahi kushika tindikali hawezi kuipinga. Tangazo likabandikwa kwenye kila mlango, likiwa limefunikwa kwa plastiki lisichafuke.

Wiki ya tatu, saa nane usiku, king'ora cha friza kilianza kulia. Friza hilo linatunza sampuli kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Mlinzi alinipigia simu, nikafika kwa pikipiki ndani ya dakika 20, na mlinzi yuleyule akakataa kunifungulia. Alinimulikia tangazo kwa tochi, akanisomea neno kwa neno, na alikuwa na haki kabisa, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee ambaye sera ile ilimfikia vizuri. Ikabidi nimtafute mtu wa pili. Mkuu wa idara hakupokea simu; mwenzangu wa zamu alikuwa safarini; hatimaye mtafiti mmoja alikubali kuamka. Tulipoingia ilikuwa inakaribia saa kumi, na kipimajoto kilikuwa kinasoma nyuzi 52 chini ya sifuri na kinaendelea kupanda. Tulihamisha visanduku vyote kwenye friza la jirani. Sampuli za mwanafunzi mmoja wa uzamivu zilibidi zipimwe upya zote kabla hajaruhusiwa kuzitumia, na hiyo ilimgharimu muhula.

Sera ilirekebishwa miezi mitatu baadaye. Waliongeza mstari mmoja tu: anayeitikia king'ora anaruhusiwa kuingia iwapo mlinzi atasimama mlangoni na simu ya mkononi. Mstari huo mimi na mlinzi tungewapa bure, tukiwa tumesimama, kama kuna mtu angepita kutuuliza kabla ya plastiki.

#5 Katibu wa Tawi

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini na naona tunakaribia kusahau jambo moja. Mashauriano ni mazuri, lakini yasitumike kuyapa kisogo majadiliano.

Mzigo wa kazi, saa za kazi, posho na taratibu za nidhamu ni masharti ya ajira. Mahali ambapo chama cha wafanyakazi kinatambuliwa na kuna mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya masharti ya kazi kati ya chama na mwajiri, mambo hayo yana meza yake, na mwajiri hawezi kuyahamishia kwenye dodoso la mtandaoni kisha akasema asilimia fulani ya waliojibu wamekubali. Mkataba namba 135 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1971, unaohusu wawakilishi wa wafanyakazi, uliliona hili mapema: panapokuwa na wawakilishi wa chama na pia wawakilishi waliochaguliwa na wafanyakazi kwa njia nyingine, hatua zichukuliwe ili hao wa pili wasitumike kudhoofisha nafasi ya chama. Simaanishi kwamba kamati za ushauri hazifai. Ninamaanisha kwamba kamati yenye watu walioteuliwa na uongozi, isiyoweza kusema hapana, isipewe kazi ya chombo kinachoweza.

Naomba pia nizungumzie karatasi ya mahudhurio, maana imenitesa. Tuliitwa semina ya nusu siku iliyoitwa "kujenga uelewa" kuhusu mfumo mpya wa upimaji wa utendaji kazi. Tulionyeshwa slaidi, tukauliza maswali, tukaambiwa muda umekwisha, tukasaini karatasi ya mahudhurio mlangoni kama kawaida. Miezi miwili baadaye, kwenye kabrasha la Baraza, ile karatasi yetu ilikuwa kiambatisho chenye kichwa "Uthibitisho wa ushirikishwaji wa wadau". Jina langu lilikuwa la saba. Tangu siku hiyo, kabla sijasaini huandika pembeni: nimehudhuria, sijaulizwa maoni. Wenzangu wananicheka, ila watatu wameanza kuniiga.

#6 Wa Muda

Mimi ni mhadhiri wa mkataba wa muda, nafundisha kozi mbili, na nimekuwa nikifundisha kozi hizohizo kwa mihula mingi. Kila mkataba unapokwisha, barua pepe yangu ya chuo hufungwa na mfumo wenyewe, na hufunguliwa tena muhula unapoanza, wakati mwingine wiki ya tatu. Sasa angalieni rasimu hizi husambazwa lini. Husambazwa likizo, kwa sababu ndipo ofisi zinapopata nafasi ya kuandika. Sera ya kusahihisha mitihani, ambayo sisi wa muda tunabeba sehemu kubwa ya kazi yake, ilisambazwa, ikajadiliwa na kupitishwa wakati anwani yangu ikiwa imezimwa. Niliporudi, nilipewa fomu ya kusaini kwamba nimeisoma na kuielewa.

Yule mlinzi wa Fundi Maabara ni ndugu yangu katika hili. Nina hakika ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, si na chuo, kwa hiyo hahesabiwi kuwa mtumishi, hayumo kwenye orodha ya barua pepe, na hana mwakilishi. Hata hivyo yeye ndiye aliyeitekeleza sera saa nane usiku.

#7 Msomasheria

Wa Muda ameugusa mzizi: nani anahesabiwa. Niongeze machache kutoka kwenye vyombo vya kimataifa na nchi mbalimbali, kwa kuwa hatuanzi sifuri.

Shirika la Kazi Duniani lina Pendekezo namba 129 la mwaka 1967 kuhusu mawasiliano ndani ya taasisi. Linasema kwamba kabla uongozi haujafanya uamuzi katika mambo makubwa, habari itolewe na mashauriano yafanyike, alimradi kutoa habari hiyo hakuzidhuru pande zenyewe. Linataka pia mawasiliano yawe ya kweli, ya mara kwa mara na ya njia mbili, na mfumo wake uendane na ukubwa wa taasisi na aina ya watu waliomo. Chuo ambacho wahudumu wake hawana kompyuta na mawasiliano yake yote ni barua pepe kimeshindwa hapo hapo. Mkataba namba 190 wa mwaka 2019, kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ni mkali zaidi: nchi iliyouridhia inapaswa kuwataka waajiri wawe na sera ya jambo hilo, na sera hiyo itungwe na kutekelezwa kwa kushauriana na wafanyakazi na wawakilishi wao. Zaidi ya hayo, mkataba huo unawataja wafanyakazi bila kujali aina ya mkataba wao, pamoja na wanaojifunza kazi na wanaojitolea. Wa Muda, hapo umo.

Kwa vyuo hasa, UNESCO ilipitisha mwezi Novemba 1997 Pendekezo kuhusu hadhi ya watumishi wa ualimu katika elimu ya juu. Linataja ushiriki wa wote wanaohusika katika vyombo vya ndani vya maamuzi, na kujenga utaratibu wa mashauriano, kuwa sehemu ya kile kinachoitwa uongozi wa pamoja wa wanataaluma. Kasoro yake, kwa maoni yangu, iko kwenye kichwa chake: linamzungumzia anayefundisha na anayetafiti. Mkutubi na Fundi Maabara wanaingia kwa dirisha.

Hilo linanifikisha kwenye Seneti, chombo cha juu cha mambo ya taaluma chuoni. Uongozi mwingi huamini kwamba wanataaluma wakishajadili jambo kwenye Seneti, chuo kimeshauriana. Marekani imani hiyo ilizaa matokeo ya ajabu. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Yeshiva ni sehemu ya menejimenti, kwa kuwa walikuwa na sauti kubwa kwenye mambo ya taaluma, na kwa hiyo hawakulindwa na sheria ya majadiliano ya pamoja katika sekta binafsi. Yaani kushirikishwa kwao kulitumika kuwanyima haki ya kujadiliana. Katibu wa Tawi ana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya Elimu ya Juu ya mwaka 1997 inakitaka kila chuo kikuu cha umma kiwe na jukwaa la taasisi, ambamo menejimenti, baraza, seneti, wanataaluma, watumishi wasio wanataaluma na wanafunzi wote wana wawakilishi, na jukwaa hilo hulishauri baraza kuhusu sera za usawa, kanuni za mwenendo na taratibu za kutatua migogoro. Kazi yake ni kushauri tu, si kuamua. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi: katika vyuo vya umma kuna baraza la watumishi linalochaguliwa kwa kura, na kwa mambo fulani, kama mpangilio wa saa za kazi au kufunga mitambo inayoweza kufuatilia utendaji wa mtu, kwa kawaida mwajiri anahitaji ridhaa ya baraza hilo. Na Tanzania, kwa waliosahau, mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970. Chombo kipo kwa zaidi ya nusu karne. Tatizo ni wakati kinapoitwa.

#8 Dawati la Utumishi

Nimejifunza mengi, hasa kwa Wa Muda. Leo asubuhi nimeuliza kitengo cha mifumo ni anwani ngapi hufungwa kila likizo, na nimeomba zisifungwe hadi siku 90 baada ya mkataba kuisha. Wamesema ni suala la leseni. Nitalifuatilia.

Kuhusu swali la mwanzisha uzi la majibu, naweza kueleza tunachofanya. Kila hoja inayoingia huandikwa kwenye jedwali lenye safu nne: kifungu, hoja kama ilivyoandikwa na mwenyewe bila kufupishwa, uamuzi, na sababu. Jina la mtoa hoja halionekani, ila idara yake inaonekana. Jedwali huambatanishwa kwenye kabrasha la Baraza, na siku hiyohiyo hutumwa kwa watumishi wote. Nawaambia ukweli, safu ya nne ndiyo iliyotubadilisha sisi tulio ofisini. Kuandika "haikukubaliwa" ni rahisi. Kuandika kwa nini, ukijua kwamba mtoa hoja ataisoma pamoja na wenzake 300, kunakulazimisha uirudie hoja. Mara mbili nimekaa kuandika sababu ya kukataa, nikashindwa kuipata, nikarudi kurekebisha kifungu.

Ninapotofautiana na ndugu Katibu ni kwenye semina. Kuna sera ambazo watu hawawezi kuzitolea maoni kabla hawajaelezwa, kwa mfano zile za ulinzi wa taarifa binafsi. Semina ya kuelimisha ina nafasi yake.

#9 Katibu wa Tawi

Sina ugomvi na semina, ndugu Dawati. Nina ugomvi na kichwa cha kiambatisho. Iiteni semina, kisha wiki mbili baadaye mtuite tena, mkituona tuna maswali, na hicho cha pili ndicho mkiite mashauriano. Isitoshe, mtupe nafasi ya kukaa wenyewe kati ya vikao hivyo viwili, bila mkuu wa idara kuwa mwenyekiti. Mhudumu hawezi kusema mbele ya anayemsainia likizo kwamba sera ya likizo inatumika kwa upendeleo.

#10 Mkutubi Zamu ya Jioni

Nakubaliana na hilo la mwisho kwa mikono miwili. Na naomba kikao hicho kisiwe saa nne asubuhi. Sisi wa jioni saa hiyo huwa ndiyo kwanza tunaamka.

#11 Mhadhiri Chaki (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nirudi na mrejesho, nisije nikatenda kosa ninalolikemea.

Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, niliwasilisha barua fupi. Sikupinga sera. Niliuliza mambo manne tu: ni vifungu vipi vilivyo wazi kwa maoni, kwa nini nakala ina saini, jedwali la majibu litatolewa lini, na nani ameulizwa kwa niaba ya watumishi wasio wanataaluma. Maneno ya "vilivyo wazi" niliyaazima kwa Dawati la Utumishi bila kuomba ruhusa. Wenzangu 19 wa kitivo waliongeza majina yao.

Jana limetoka tangazo la kuongeza muda kwa siku 21. Nakala mpya haina saini wala tarehe ya kuanza kutumika. Kuhusu jedwali la majibu hawajasema lolote, na swali la nne limejibiwa kwa sentensi moja, kwamba "wawakilishi watahusishwa kwa wakati muafaka". Nitawaandikia tena juu ya hayo mawili.

Nimeisoma rasimu sasa kwa utulivu. Fundi Maabara, nina shida na kifungu cha 17. Kinasema saa moja ya mazoezi ya maabara itahesabiwa kuwa nusu saa ya mhadhara, kwa kuwa "maandalizi yake ni machache". Na katika kurasa zote 46 neno fundi sijaliona hata mara moja. Ungekuwa umeulizwa, ungesemaje?

#12 Fundi Maabara

Ningewauliza wanadhani darubini hujipanga zenyewe. Somo la saa mbili la watu 40, mimi huingia saa moja na nusu asubuhi kuchanganya kemikali na kupima kila kifaa, wao huingia saa nne, hutoka saa sita, na mimi hutoka saa tisa baada ya kuosha, kuhesabu vilivyovunjika na kufunga taka za kemikali. Shajala ya maabara ina saa hizo zote, siku kwa siku, kwa miaka minne. Nitumie hicho kifungu, Mhadhiri, na uniambie jedwali lao lina nafasi ya kuambatanisha shajala.